Mwanya Alioacha Shangazi

Shangazi yangu huziba mianya. Mumewe, ambaye sote humwita Fundi, hata shangazi mwenyewe anapomtuma dukani, hutengeneza makabati ya jikoni na kuyafunga ukutani. Shangazi huja nyuma yake na mkoba wa msasa, gundi na vifito vya mbao, akashughulikia pale kabati moja lilipokataa kukutana na jirani yake. Wateja humkumbusha ile methali ya ufa na ukuta, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza. Yeye hucheka kwa heshima. Aliwahi kuninong'oneza kwamba akiisikia tena, huo ukuta ataubomoa mwenyewe.

Nimemtazama akifanya kazi tangu nikiwa msichana. Hana haraka. Kama mwanya uko kati ya kabati na ukuta, husimamisha kifito pale, akatembeza penseli kutoka juu hadi chini ikifuata kila kibonyeo cha lipu, kisha akaranda mpaka mbao ivae ukuta kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo. Kama uko kati ya makabati mawili, kazi halali ni kulegeza skrubu, kuyabana kwa jiriwa, kuyasawazisha na kuyakaza upya. Lakini kulegeza skrubu za mtu ni kumwambia kwamba alikosea. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa, shangazi hakulegeza kitu. Alipachika kifito, akakiranda, akakipaka rangi.

Macho ya Fundi yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mwanzoni alikuwa akiisogeza pimamaji karibu na pua. Baadaye akaiacha kabisa kwenye sanduku, akasema fundi wa kweli hupima kwa jicho. Mianya ikapanuka. Jioni, kazi ikiisha na rangi ikikauka, Fundi alirudi nyuma hatua chache, akakunja mikono kifuani.

"Umeona? Mkono huu bado unaweza."

"Bado unaweza kabisa," shangazi alijibu, akifuta gundi vidoleni.

Nadhani wangeendelea hivyo mpaka uzeeni, kama Fundi hangekubali kazi ya jengo la ghorofa. Majiko ya jengo zima, na kila fundi afunge peke yake. Msimamizi wa pale alisifika kwa kupita na tochi kila kiungo, akisema makosa ya mtu mbele ya wenzake. Hapangekuwa na mtu wa kuja nyuma na mkoba. Fundi alitangaza habari hiyo kwa furaha, mdomo umejaa chakula, na shangazi akaacha kula.

Kazi yao ya mwisho kabla ya jengo hilo ilikuwa jiko langu. Fundi alipotoka kwenda kununua bawaba, shangazi alinifuata sebuleni, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Mwanangu, naomba uniazime jiko lako."

"Lipo shangazi, si unafanyia kazi humo?"

"Nataka kuliacha na mwanya. Nikimwambia kwa mdomo ataniuliza nani kaniroga. Kwa mteja siwezi kumwaibisha. Kwako ni ndani ya nyumba."

Nilimwambia afanye anavyoona. Nilitamani pia kumwambia asifanye, maana niliwapenda jinsi walivyokuwa, hata kwa uongo ule.

Fundi aliporudi alifunga bawaba za mwisho, akafungua na kufunga kila mlango, akarudi nyuma, akakunja mikono. Akasema jiko limenyooka kama mstari wa rula. Kutoka nilipokuwa, niliona vigae vya ukutani kati ya kabati la vyombo na lile la pembeni: chini wembe usingepita, juu vidole viwili vingepita bila kusukumana.

"Umeona?" alisema. "Mkono huu..."

Shangazi aliushika mkono huo kabla hajamaliza, akaupeleka kwenye kiungo. Vidole vikazama. Fundi hakuvitoa. Alivishusha taratibu mpaka mwanya ulipovibana, akavipandisha tena.

"Tangu lini?"

"Tangu jiko la yule mwalimu mwenye paka."

Fundi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Akauliza kuhusu jiko la nesi. Nalo. La jirani yetu wa zamani. Nalo pia.

"Na la dada yako?"

"Hilo lilikuwa baya kuliko yote, mume wangu."

"Nikasifiwa pale mezani, na wewe unatafuna tu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umeniacha nitembee kifua mbele, kumbe shati nimeligeuza."

"Ulikuwa unarudi nyumbani unaimba," shangazi alisema. "Niliogopa utanyamaza."

Fundi alitoka kwenda uani, akakaa huko muda mrefu. Shangazi hakumfuata. Alipanga vifito vyake kwa urefu, akavichanganya, akavipanga tena. Tulimsikia Fundi akizungumza kwenye simu, akimwambia mtu kwamba lile jengo watafute mwingine, kwamba macho yanahitaji daktari kwanza. Aliyasema kwa utulivu, kama anayeagiza misumari.

Aliporudi alichukua drili, akampa mkewe.

"Legeza wewe. Mimi nitashika."

Shangazi akalegeza skrubu. Akabana jiriwa, akachomeka kibanzi chini ya mguu wa kabati, akatazama pimamaji. Fundi alikuwa ameweka ncha za vidole kwenye kiungo, uso ameuelekeza dirishani.

"Bado," alisema. "Bado. Umepitiliza, rudi kidogo. Hapo."

Shangazi akakaza. Nilipokwenda kupitisha ukucha wangu, haukupata pa kuingia. Hakukuwa na kifito wala rangi, ni mbao mbili tu zimegusana. Shangazi alimtazama mumewe, na safari hii ni yeye aliyesema kwamba mkono huo bado unaweza. Fundi alikuwa bado anakipapasa kile kiungo, juu, chini, juu.

Walipokuwa wakitoka, Fundi alibeba mkoba wa vifito, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Mlangoni akasimama.

"Lile la dada yako twende tukalifungue upya."

"Hilo liache," shangazi alisema. "Nililipaka rangi vizuri mno."