Upepo wa Mama na Ghorofa ya Kaka

Mama yangu hakuwa na feni nyumbani mwake mpaka kaka yangu alipojenga ghorofa nyuma ya nyumba. Nyumba yenyewe iko Mji wa Kale, ya mawe, kuta zake nene, na nyuma yake palikuwa na kiwanja alichotuachia baba, chenye miti miwili ya mikungu. Hapo ndipo tulipokulia, tukivunja kungu kwa mawe tule kokwa zake. Upepo wa kusi ulipita chini ya ile miti ukaingia kwa dirisha la nyuma, na Mama alikaa hapo kila baada ya sala ya alasiri akishona kofia. Aliyemtaka alijua pa kumpata.

Kaka anafanya kazi bandarini. Watoto wake walipoanza kuoa na kuolewa, alimwendea Mama kumwomba ruhusa ya kujenga. Mama alikubali kabla hajamaliza maneno.

"Wajukuu wakae karibu nami," alisema. "Upepo hauna hatimiliki. Niachie mkungu mmoja tu."

Kaka aliahidi, na najua aliahidi kwa nia safi. Lakini lori la mchanga halikupata pa kugeukia. Siku moja tulirudi kutoka mazikoni Malindi tukaukuta mti wa pili nao umelala chini. Mama aliutazama kitambo, akasema majani wapewe mbuzi wa jirani, akaingia ndani.

Jengo likapanda; ghorofa ya kwanza wakakaa wanawe, za juu zikapangishwa. Pale chini Kaka akatandaza kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, kutoka ukuta hadi ukuta, magari ya wapangaji yapate pa kukaa. Kwa nje palipendeza. Ila dirisha la nyuma sasa lilitazama ukuta, na ule ukuta ulilishika jua la mchana ukatupumulia joto hata baada ya isha. Jasho la Mama likawa linatia madoa kitambaa cheupe cha kofia. Kaka akamletea feni, Mama akamshukuru, lakini ikawa inampeperushia nyuzi, akaizima.

Mwaka ule mvua ya mwaka, ile ya masika, ilichelewa. Tulikuwa tumeizoea ikianza na rasharasha, ikitulia, ikirudi. Mara hii mawingu yalikuja yakapita, na watu barazani walikuwa na maneno mengi. Mimi nafundisha jiografia katika shule ya wasichana, kwa hiyo Mama aliniuliza kama ni ghorofa za mji mzima, ya Kaka ikiwemo, zinazofukuza mvua. Nilimweleza nijuavyo: simiti huhifadhi joto kuliko udongo, miti hutoa unyevu na kivuli, na mji wenye joto unaweza kubadilisha mahali mvua inaponyesha na jinsi inavyonyesha. Tena nikamwambia kwamba bahari nayo inapata joto, na mimi siwezi kupambanua lipi limetoka wapi.

Mama alikata uzi kwa meno. "Basi tuanze na lililo letu," akasema.

Mvua ilipokuja, ilikuja asubuhi moja kwa mkupuo, kama iliyomwagwa. Ardhi ya kiwanja, iliyozoea kuyanywa maji, ilikuwa imefunikwa, nayo maji yakateremka juu ya kabro hadi jikoni kwa Mama. Nilifika nikamkuta Kaka amekunja suruali, anachota maji kwa sufuria ya pilau. Mama alikuwa juu ya kitanda, miguu ameikunja ndani ya leso, anamwelekeza pa kuchota. Chini ya kitanda palikuwa na kapu la kofia. Kaka alilivuta, akakuta ile aliyokuwa akishonewa yeye ya sikukuu imelowa na kuchujukiwa na rangi ya ukili wa kapu. Alikaa sakafuni, majini, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Nisamehe, Mama."

"Nimeshasamehe tangu lile lori," Mama akamjibu. "Inuka, usipate homa."

Juma lililofuata Kaka aling'oa kabro upande wote wa nyumba yetu. Wapangaji walinung'unikia magari yao, akawasikiliza kwa adabu, akaendelea kuchimba. Alipanda mkungu na mwarobaini. Mvua kubwa ya baadaye ilituama pale kidogo, ikazama, na jikoni hatukuona tone. Upepo wa dirishani haukurudi, na hautarudi maadamu jengo limesimama.

Lakini juu ya paa la ghorofa upepo ni tele. Kaka akaezeka kibanda cha makuti huko, akapandisha kiti na mkeka. Sasa Mama hupanda kila alasiri, akipumzika kila ghorofa kuwajulia hali wapangaji, wengi wao watu wa bara wanaofanya kazi relini na maofisini. Anawajua watoto wao na maradhi yao. Kuna mama mmoja wa Kitaita, akimsikia ngazini, hutoka na chai ya tangawizi, wakapanda pamoja.

Juzi nilipanda nikawakuta wawili hao wakitazama mvua ikinyesha ng'ambo, Nyali, na huku kwetu kukavu. Mama aliniuliza kama itavuka. Nilisema sijui. Yule mpangaji akasema kwao milimani huwa inavuka. Mama akasogea akanipa nafasi kwenye mkeka, tukaingoja, tukizungumza mambo mengine.