Mawe ya Kuzuia Vifaru

Kaka yangu anaishi Uingereza, kwenye mji mdogo wenye soko kila Alhamisi. Alitutumia picha ya mawe ya saruji yaliyopangwa mstari kando ya mto, nyasi zimekatwa vizuri, akaandika tu kwamba ni ya vita. Mama, ninayekaa naye hapa Grand Prairie, karibu na Dallas, aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Makaburi hayo," akasema. "Nenda ukasome majina."

Babu alichukuliwa na Waingereza kwenda kupigana Burma, Mama akiwa bado tumboni. Hakurudi, wala hakuna aliyetuambia alizikwa wapi. Jamaa nyumbani wamemsihi Mama wafanye matanga hivyo hivyo, bila mwili. Amekataa maisha yake yote. Waliomchukua, husema, ndio wanaojua walikomlaza. Nikaomba likizo hospitalini ninakofanya kazi, nikapanda ndege kutoka Dallas hadi Uingereza kwa kaka.

Yalikuwa vizuizi vya vifaru vya kivita. Wajerumani walingojewa pale, hawakuja. Basi! Saruji ambayo haikupigana na mtu imejengewa uzio, ikawekewa kibao kinachoeleza upana wa kila jiwe. Mzee mmoja wa kamati ya kuyatunza alituonyesha ufa mdogo, uso umemshuka kama mfiwa. Wangeuziba kabla ya baridi, alisema. Nilimtabasamia huku nikiona kinyaa. Mbwa wake akainua mguu, akalikojolea jiwe la mwisho, naye mzee akacheka.

"Bana, tusimwambie Mama," kaka akaninong'oneza. "Tuseme tu majina yalifutika."

Nikamwambia aniondolee upuuzi. Nilimpigia Mama simu ya video, nikampitisha jiwe baada ya jiwe. Alikuwa ameketi sebuleni kwangu, amevaa nguo yake ya kanisani na kitambaa kichwani.

"Sioni maandishi."

"Hayana, Mama. Si makaburi. Ni mawe tu ya kuzuia vifaru."

"Na wanayatunza hivyo?"

"Wanayatunza."

Kwetu, mtu asipopatikana kabisa, hukatwa mgomba ukazikwa mahali pake, na watu wakamlilia kama maiti iko pale.

"Wapigie simu nyumbani," Mama akasema. "Wakate mgomba. Mimi nilidhani huko kwao kuna mtu bado anamtafuta baba yangu."