Muhuri Ulibaki Lodwar

Nikisema kwamba nilikuwa mtu wa kuudhi, wenzangu wa ofisini Lodwar watasema najihurumia. Kazi yangu ni vibali vya maji. Asiye na kibali hasambazii watu maji, na kibali kisicho na muhuri si kibali. Siku nilipokabidhiwa ule muhuri nilijiona mimi ndiye mimi. Niliufungia kwenye droo, ufunguo nikautundika kwenye mshipi wangu, ukawa unalia kila nikitembea. Karani wetu, dada ambaye hajawahi kupoteza hata pini, aliniomba niwe nikimwachia siku za safari. Nilimjibu kwamba droo ile haina wenyewe wawili.

Mwaka mmoja nilikwenda Kakuma kukagua pampu ya mtaa uliokuwa kando ya laga, yaani mto wa mchanga ambao hupata maji siku za mvua tu. Kibali chao kilikuwa kimepitwa na siku chache. Mwendesha pampu alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache, anayeijua ile mashine kwa mlio wake. Nilimfokea mbele ya foleni nzima. Watu walikuwa wananitazama, nami nikanogewa. Nikamwambia, “Hata nikija mimi mwenyewe nikakwambia fungua, kama sina karatasi yenye muhuri, usifungue. Ukifungua, kazi huna.” Aliitikia kwa kichwa. Nilirudi garini nikijipongeza kwa kuelimisha umma.

Kisha mvua ikaja, ile ya kupasua barabara. Laga ilibeba pampu, mabomba na kile kibanda alichokuwa akikaa yule mama kazini. Akanipigia simu. Akasema kwenye kiwanja cha kanisa, kule juu, kuna kisima cha mashine ambacho maji yake yamepimwa na ni safi, na kanisa limekubali, limempa na ufunguo wa mfereji. Ila kisima hicho hakina kibali cha umma. Watu wameanza kunywa maji ya laga na watoto wanaharisha. Akauliza afanye nini.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Wakati wa maafa sheria inaniruhusu kuondoa sharti la kibali kwa muda, kwa barua ya ukurasa mmoja. Mtu mwenye akili angeiandika kabla chai haijapoa. Mimi niliiandika siku mbili. Nilibadilisha kichwa cha barua mara tatu, nikaongeza “kwa kuzingatia” kila palipobaki nafasi. Mama akaomba nimtumie picha ya barua kwa simu. Nikamwambia picha si barua halisi, asubiri, naileta mwenyewe. Haki ya Mungu, nilisema hivyo huku nikijua watoto wanaharisha.

Siku ya tatu tukaondoka na gari la ofisi. Karibu na Kakuma tukakuta maji bado yanapita juu ya barabara, dereva akakataa kuvuka, na alikuwa na haki. Siku ya nne yalipopungua nikavua viatu, nikaweka faili kichwani, nikaingia kwa miguu. Katikati nikateleza. Faili nililipata chini kidogo, limenasa kwenye kichaka. Barua ilikuwa imelowa chapachapa, na muhuri umegeuka doa la zambarau lisilosomeka.

Nilifika kanisani nimepanda bodaboda, tope hadi masikioni. Foleni ya mitungi ilizunguka kiwanja. Mtu mmoja akasema leo maji ndiyo yamemkagua mkubwa, na watu wakacheka. Nikamwambia mama afungue. Akachukua ile karatasi, akaigeuza upande huu na huu.

“Muhuri iko wapi, mkubwa?”

Nikamweleza habari ya laga. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye sheria, afungue. Akanikumbusha maneno yangu, neno kwa neno, bila hasira, na foleni ikasikiliza kama mara ile. Simu yangu ilikuwa imelowa, nikaazima ya mtu nikampigia karani, angalau apige muhuri barua nyingine, aipe gari la kwanza litakalokuja. Akaniuliza kwa upole ufunguo wa droo uko wapi. Nikajishika kiunoni. Ulikuwa pale pale, umejaa mchanga.

Nikakaa chini. Nilitamani kulia, sisemi uongo.

Mama ndiye aliyenitoa hapo. Alileta daftari la kamati ya maji na kile kibati cha wino wanachotumia wanakamati wasiojua kuandika. Mihtasari yao nilikuwa nikiirudisha kila mara, nikisema ofisi yangu si mnada wa mbuzi, sipokei madole. Akaniambia niandike upya humo ndani. Niliandika mistari minne: kisima kitumike kwa umma hadi pampu irudi, na dawa itiwe tangini kila asubuhi. Hapakuwa na “kwa kuzingatia” hata moja. Kisha akanishika dole gumba, akalichovya, akalikandamiza kwenye karatasi, na wanakamati wawili wakaweka yao kando ya langu. Akalitazama, akasema huo nao ni muhuri, akaenda kufungua.

Yeye mwenyewe alichota wa mwisho. Nikamuuliza, kwa utani wa mtu aliyepona aibu, mbona mwenye ufunguo anachota nyuma ya wote. Akasema ana mjukuu nyumbani, anaharisha tangu siku ile aliponipigia.

“Na ufunguo ulikuwa nao siku zote?”

“Nilikuwa nao,” akasema. “Si wewe ulisema?”

Nikaubeba mtungi wake hadi nyumbani. Mtoto alikuwa amelala kwenye ngozi, macho yameingia ndani. Mama akachanganya maji na ile dawa ya chumvi ya zahanati, akamnywesha kijiko kimoja kimoja, mimi nimesimama mlangoni na ufunguo wangu kiunoni, siwezi hata kusogea kwa kuogopa usije ukalia.

Mtoto alipona. Namshukuru Mungu, maana si mimi wa kushukuriwa. Ufunguo sasa anao karani. Yule mama akinipigia simu hunisalimu kwa ejok, salamu ya Kiturkana, kisha, kabla ya neno lingine lolote, huniuliza ufunguo uko kwa nani.