Ulimi wa Gasketi

Jina la Sikio hakupewa na mama yake. Alipewa na madereva, zamani za ujana wake, kwa sababu alikuwa na kipande cha mpira wa mafuta, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Ncha moja aliitia sikioni, nyingine akaipitisha juu ya injini, kisha akafumba macho kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani ukutani. Akiyafumbua alikuwa ameshajua. "Silinda ya tatu," husema, na kweli huwa ya tatu. Kwa mpira huo alisomesha watoto wanne na kujenga gereji ya bati, na magoti yalipoanza kumlalamikia, akaikabidhi kwa mkwewe, mume wa binti yake wa kwanza, ambaye Sikio mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi tangu kushika spana.

Kukabidhi ni neno zuri, ila lina mlango wa kutokea tu. Wa kurudi halina. Miaka sita baadaye, kilichokuwa chake mle ndani ni meza moja ya mbao karibu na dirisha, yenye jiliwa kuukuu la kubania vyuma na kinyundo kidogo. Hapo alikaa, akakwaruza kutu, akasikia wenzake wakiongea. Mkwe alikuwa amenunua kompyuta ya kupimia magari, na hakuchoka kusema kwamba pale dirishani ndipo penye umeme mzuri.

Ndipo likaja lile gari. Lilikuwa la mashindano, la zamani, jekundu, la milango miwili, la chini kiasi kwamba mtu mzima anaingia kama anapanda kitanda cha mtoto. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwembamba mwenye miwani.

"Nimefundisha miaka thelathini na mitano nikienda kwa miguu," alisema. "Sasa nimeamua kukaa. Lakini hili nalo kila asubuhi linatetemeka kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni bila kusoma."

Na ndivyo lilivyokuwa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, liliwaka kwa tabu. Mngurumo ukapanda na kushuka, gari zima likatikisika, likakohoa, likataka kuzima. Likishapata joto, baada ya dakika tano hivi, linatulia tuli kama si lenyewe. Mkwe alichomeka kompyuta, akabadilisha plagi, akabadilisha koili, akasafisha sindano za mafuta. Mama akarudi mara ya tatu na kutetemeka kulekule.

"Kijana," alimwambia mkwe, "jibu likikosewa mara tatu, linasomwa swali upya. Yule mzee dirishani anafanya kazi gani?"

Mafundi wakaangua kicheko. Mkwe hakucheka. Aligeuka, akasema kwa sauti ili kila mtu asikie: "Haya, baba. Ukiupata huu ugonjwa, meza yako haiguswi na mtu. Usipoupata, unakwenda nyumbani kupumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Hakuna aliyesema umechoka, baba. Ila sikio la kufa..."

Hakumalizia. Wenzake walimmalizia kwa kicheko kingine.

Sikio alitoa sharti moja tu: gari lilale hapo, na asubuhi asiliguse mtu mpaka afike yeye. "Ugonjwa wa baridi hautafutwi kwenye joto," alisema.

Asubuhi ya kwanza alifika, akaweka kiganja juu ya boneti. Moto.

"Nililisogeza, baba," mkwe alisema. "Liliziba njia."

Asubuhi ya pili, kiganja juu ya boneti. Moto tena. Safari hii mkwe alikuwa anakunywa chai na kutazama pembeni. Sikio hakuuliza. Alijua kwamba baba mkwe akianza maswali ya namna hiyo, atakayeyajibu ni binti yake, jikoni, mlango ukiwa umefungwa. 

Asubuhi ya tatu alimgongea mlinzi kabla hajafungua lango. Boneti ilikuwa baridi kama mtungi. Akaliwasha. Gari likaanza kutetemeka, na mzee, Mungu amsamehe, alifurahi kama aliyeonana na rafiki.

Akachukua mpira wake. Kwenye silinda, kimya cha afya, moja mpaka ya sita. Kwenye mabomba ya mafuta, hakuna neno. Alipofika pale bomba kubwa la kuingiza hewa linapoungana na injini, akasikia kitu chembamba, kama mwanamke anayesonya kwa mbali. Akasogeza, kikapotea. Akarudisha, kikasonya. Akachukua chupa ya maji, akadondosha matone pale kwenye kiungo. Maji yakanyonywa ndani, na kwa pumzi moja injini ikatulia. Kisha ikaanza tena kutikisika.

Hewa ya wizi. Injini ikiwa baridi, ufa uko wazi, inaingia hewa isiyohesabiwa. Chuma kikipata joto kinatanuka, ufa unaziba, na kompyuta inamkuta mgonjwa ameshapona. Alicheka peke yake mle gerejini, akapigapiga meza yake kwa kiganja kama mtu anayempa mtoto habari njema.

Akazima, akalegeza nati moja moja, akaliinua lile bomba na kuivua gasketi, ule utando unaokaa kati ya chuma na chuma kuzuia hewa isipite. Kicheko kikamkauka.

Haikuwa ya kiwandani. Ilikatwa kwa mkono, kwa karatasi nene, ikagongwa kwa kinyundo kwenye kingo. Na upande wa juu, chini ya uchafu wa miaka, kilitokeza kijilimi kidogo chenye tundu katikati.

Kijilimi hicho hakikuwa cha mtu mwingine duniani. Alikibuni yeye, ili fundi atakayekuja baadaye asiifunge gasketi juu chini. Mkwe alikijua vizuri, maana alifundishwa kukikata juu ya meza hiihii, na siku za mwanzo alikuwa anakikata kirefu mno mpaka Sikio anamtania kwamba gasketi yake imechoka, imetoa ulimi nje.

Akakumbuka. Gari lilikuwa jeupe wakati ule, la daktari mmoja mwenye haraka, na vipuri havikupatikana. "Hii ni ya kuvukia tu, daktari. Rudi mwezi ujao nikuwekee yenyewe." Daktari hakurudi. Sikio naye hakumfuata. Miaka kumi na mitano.

Akasikia viatu vya mama mwalimu getini, na sauti ya mkwe ikimkaribisha. Akaitia gasketi mfukoni mwa ovaroli.

"Nimeupata," alisema walipoingia. "Gasketi ya hewa imekufa. Ikiwekwa mpya, mama, utasahau kama uliwahi kutetemeka."

Mkwe alichungulia, akabonyeza chuma kwa kidole. Alikuwa ameshindwa, na uso wake ulijua. Sikio aliitazama meza yake.

"Hongera, mzee," mama mwalimu alisema. "Na hiyo mbovu iko wapi?"

"Nimeshaitupa, mama."

"Mbona ubao wenu pale mlangoni unasema nionyeshwe?"

Ubao ulisema hivyo kweli: KILICHOTOLEWA, MWENYE GARI AONYESHWE. Sikio aliuandika kwa mkono wake, kwa rangi nyeusi, mwaka aliofungua gereji, na fundi wa kwanza aliyeuvunja alimfukuza siku hiyohiyo. Mama alimtazama juu ya miwani, kama alivyowatazama watoto miaka thelathini na mitano. Mkono wa mzee ukaenda mfukoni wenyewe.

Mkwe aliipokea kabla ya mama. Akaigeuza. Akaona ulimi.

"Umeupata ugonjwa, baba," alisema polepole. "Na sisi tumempata aliyeuleta."

Safari hii mafundi hawakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Sikio alieleza: daktari, vipuri, mwezi ujao. Maneno yalitoka yamepangika vizuri, na hayakumsaidia. Kama angelisema kabla ya kuulizwa, labda.

"Aliyekosea akajisahihisha, mimi humpa alama," mama mwalimu alisema kwa upole. Kisha akarekebisha miwani. "Lakini hiyo mpya, tafadhali, aifunge kijana."

Kesho yake kompyuta ilikaa dirishani. Ahadi ya mbele ya watu haikukumbushwa na yeyote katika wale walioisikia. Sikio alibeba kinyundo chake kwa mkono. Mpira aliuacha kwenye msumari. Ukweli ni kwamba aliuacha makusudi, akitumaini siku moja watamwita, na yeye aseme, "Mpira wangu uko hapohapo."

Wiki ya tatu binti yake alikuja kuwasalimu wazazi. Alizungumza na mama yake, akapekua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Baba, mume wangu anasema hiki ni chako."

Kilikuwa kipande cha mpira, kifupi kama kiganja, kinanuka petroli.

"Na kile kingine?" mzee aliuliza.

"Wanavutia mafuta kwenye matangi," binti alisema, akitazama chini. "Walisema ulikuwa mrefu mno."