Kadi Niliyoikata Katikati

Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja wa kijijini Gahanga. Nilikuwa msichana, nafanya kazi katika ofisi ndogo ya mtaa wa Muhima, mjini, iliyotengeneza programu za simu. Kazi yangu ilikuwa kuandika hadithi za watumiaji, vile vikadi mnavyoviandika na ninyi: nani anataka nini, na kwa nini. Nilijiona fundi kweli kweli.

Kadi yangu moja ilisema: "Kama mhudumu wa afya wa kijiji, nataka kuomba gari la wagonjwa kwa simu, ili mama mjamzito afike hospitali mapema." Ilikuwa kubwa mno kumalizika kwa wiki mbili, muda wa awamu yetu moja ya kazi, basi nikaikata katikati. Kutuma ombi, wiki hizi mbili. Dereva kulipokea, wiki mbili zijazo. Nusu ya kwanza ilipoisha nikaihamishia, kwenye ubao wetu wa ukutani, katika safu ya "Imekamilika", tukapigiana makofi, nikaenda Gahanga kuijaribu na mhudumu mmoja, mama mtu mzima aliyekulia Burundi. Tulimwita Mama Devota.

Hata chai hatujamaliza, jirani akaja mbio. Binti yake, mimba ya kwanza, ameshikwa na uchungu na anatoka damu. Tulimkuta amelala kwenye mkeka, midomo imemkauka. Mama Devota akabonyeza simu mpya niliyomletea. Alama ya kijani ikatokea: Ombi limetumwa. Akatoa simu yake ya zamani ampigie dereva, kama alivyozoea, nami nikamzuia.

"Usihangaike, mama. Limeshakwenda."

Dakika tano. Kumi.

"Gari iko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile nusu ya pili, ambayo bado ilikuwa imebandikwa ukutani ofisini, haijaguswa. Hakuna dereva aliyeona chochote. Na mwanangu, sikusema. Niliona aibu. Niliinama nikajifanya naangalia mtandao, huku yule binti akiuma kitenge chake ili asipige kelele. Dakika nyingine zikapita, na hizo ni zangu peke yangu.

Mwishowe nikasema, "Piga simu, mama. Madereva hawajapata kitu."

Alipiga. Alipomaliza akanitazama. "Mukobwa wanjye, msichana wangu, wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa iyi mashini ndiyo ilinidanganya, ao ni wewe?"

Gari lilikuja, na binti alipona. Mtoto hakupona. Sikuthubutu kumuuliza daktari kama zile dakika zangu zingemwokoa, na mpaka leo sijui.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayeandika kadi leo: ukiikata hadithi, ifanye ndogo, lakini ifike mwisho. Anza na kijiji kimoja, dereva mmoja, ombi moja lililopokelewa na kujibiwa. Usiseme kimekamilika kitu ambacho anayekisubiri hajakipata. Nenda ukakae naye pale anaposubiri, maana ofisini hutaona kitu. Na ukigundua umekosea, sema papo hapo, hata kama wote watakucheka, hata kama kazi utaipoteza.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Na siku aibu itakapokushika, akufungue mdomo mapema kuliko alivyonifungua mimi.