Rangi ya Arukkani Mbele ya Majaji

Arukkani, ukikutana naye sokoni hapa Tiruppur, mji wa viwanda vya fulana kusini mwa India, mikono ya samawati hadi viwikoni, unaweza kumpa sarafu ukidhani ni ombaomba. Mimi nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka thelathini, na bado kuna siku ananishangaza.

Kazi yake ni kutia rangi vitambaa vya fulana. Mumewe alipokufa, shemeji zake walitaka auze mapipa ya kuchemshia rangi. Akawajibu, "Nunueni nyinyi basi, kama mnajua kuyachemsha." Hawakurudi.

Kwa miaka kumi na mmoja alitia rangi vitambaa vya kiwanda kikubwa cha Bosi Thangavel. Mwaka wa mwisho hakulipwa, wala wauza nyuzi na maboksi hawakulipwa. Wenzake wakanyamaza, wasije wakanyimwa kazi. Yeye akapeleka notisi: nilipe katika siku kumi, la sivyo naiomba mahakama ya makampuni ikutoe kwenye kiti, kiwanda kishikwe na mtu mwingine.

Siku ya nane likaja jibu: hatulipi, rangi ya Arukkani ilikuwa mbovu. Nakala zikazagaa mjini. Viwanda vingine navyo vikaacha kumletea vitambaa. Mapipa yakakauka.

"Pesa naweza kuzisahau," akaniambia. "Hilo neno mbovu, siwezi. Dada, utanisindikiza mahakamani Chennai?"

Nikamsindikiza. Mlangoni mwa mahakama wakili wetu akatuonya: majaji wakiona kweli kulikuwa na ugomvi juu ya ubora wa mali kabla ya notisi, kesi inatupwa papo hapo.

Wakili wa Thangavel akasimama na kadi iliyobandikwa kitambaa kilichopauka. "Waheshimiwa, tuliagiza samawati iliyokoza. Tukaletewa hiki."

Kumgeukia mwenzangu, namkuta anatabasamu.

Kwetu, mnunuzi akiikubali rangi huandika sahihi katikati ya kipande cha kitambaa, kisha kipande kinakatwa juu ya hiyo sahihi. Nusu yake, nusu yako. Na wale watu walikuwa wameleta nusu yao wenyewe, yenye sahihi yao! Arukkani akafungua debe la biskuti, akatoa nusu ya pili iliyofungwa kwa gazeti, wakili wetu akaipeleka mbele.

Jaji mwanamke akaziunganisha. Sahihi ikawa nzima, kila mkunjo mahali pake. Lakini nusu moja imekoza, nyingine kama maji ya kufulia.

"Si mnaona?" akasema wakili wa Thangavel. "Rangi mbili tofauti!"

Arukkani akasimama. "Hicho kilikuwa kimening'inia dirishani ofisini kwao, nimekiona kwa macho yangu. Kibandue kwenye kadi, mheshimiwa. Tazama upande ambao jua halikuufikia."

"Kaa chini, mama!" wakili wetu akamnong'oneza.

"Nikae vipi? Rangi ni yangu."

Jaji akaingiza ukucha, akabandua polepole. Ukumbi mzima ukanyoosha shingo. Mgongoni mwa kile kitambaa rangi ilikuwa nzito, mbichi, ndugu kabisa wa ile ya kwenye debe. Jaji akamwonyesha mwenzake.

Kesi ikapokelewa. Mahakama ikamteua msimamizi, mtu asiyejuana na yeyote kati yetu, ashike funguo za kiwanda. Siku tatu baadaye nilimwona Thangavel getini, yule ambaye tulikuwa tukimpisha njia, akiomba ruhusa ya kuingia kuchukua miwani yake. Karatasi moja ya mwanamke mwenye mikono ya samawati! Sijaona tena jambo kama hilo.

Kuhusu malipo, Arukkani yuko kwenye foleni ya wanaokidai kiwanda, nyuma ya mabenki. Huenda akapata kidogo, huenda asipate. Lakini kwenye hukumu imeandikwa kwamba rangi haikuwa na kasoro, na mjini watu wameisoma.

Wiki iliyofuata lori likasimama uchochoroni kwetu, limejaa vitambaa vyeupe. Lilitoka kiwanda kile kile, limetumwa na msimamizi.

"Mama, wanauliza kama utakubali," dereva akasema, macho chini.

Arukkani alikuwa ameshawasha moto chini ya pipa la kwanza. "Rudi nyuma taratibu," akamwambia. "Usinibomolee ukuta."