Mkono Usiofika Sikioni

Mtanisamehe nikikisimulia vibaya. Kisa hiki kinahitaji mikono kuliko maneno, na mkono wangu mmoja bado unauma.

Nilikuwa shuleni Garsen siku ya kuandikisha darasa la kwanza. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamebeba kadi za kliniki, basi mwalimu akapima umri kwa njia yetu ya zamani: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili.

Bibi mmoja Muorma alimleta mjukuu wake wa kike. Mkono ukakosa kufika sikioni kwa upana wa kidole kimoja tu.

"Bado huyu, mama. Mlete mwakani."

"Mwakani tumehama na ng'ombe," bibi akasema. "Mwalimu, hii mtoto anajua ng'ombe yote kwa sauti."

Mimi nikadakia, bila kuulizwa, kwamba kipimo ni kipimo.

Nje ng'ombe akalia. Msichana hakugeuka. "Ile nyekundu ya pembe moja. Anaita ndama yake."

Mwalimu akachungulia dirishani. Pembe moja. Lakini kalamu haikusogea.

Nikainuka kumwonyesha mtoto jinsi ya kujinyoosha. Bega likalia kama mlango mbovu, mkono ukakwama utosini kabla ya kufika sikioni. Watu wawili ndio walioushusha.

Mwalimu akanitazama kitambo, kisha akaandika jina la mtoto.

"Na huyu amekuja kusoma?" bibi akauliza, akinielekezea kidevu.

"Amekuja kuomba kazi ya kufundisha maigizo," mwalimu akasema, akifunga daftari. "Atarudi mwakani. Kipimo ni kipimo."